Nilikompaili DNS ya chuo kwa mikono yangu, nikajuta: ya kufungashwa na mfumo, au toleo jipya?

Saa mbili na robo asubuhi mhasibu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, bunda la risiti mkononi. Nyuma yake foleni ya wanafunzi waliokuja kulipa ada ilikuwa imefika mpaka kwenye mwarobaini wa uani.

"Binti, Ijumaa mambo yalikuwa yanakwenda. Leo hayaendi. Umefanya nini?"

Nilikuwa nimefanya mengi. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili saa tano usiku nilikuwa nimeing'oa programu ya DNS (ile inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za namba) iliyokihudumia chuo kwa miaka, nikaweka nyingine mpya kabisa niliyoikompaili mwenyewe, yaani niliyoijenga kutoka kwenye msimbo wake, kisha nikaenda kulala nikijiona bingwa. Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa seva ya chuo, zahanati, SACCOS au hosteli, naye ameanza kujiuliza kama abaki na DNS iliyofungashwa pamoja na mfumo wake au alifuate toleo jipya kule linakotengenezwa. Swali hilo mimi nililiuliza vibaya, na karibu mwaka mzima ulipita kabla sijaona nilikosea wapi.

Chuo kipo Dodoma mjini, jina lake tuliache. Kina kompyuta kama 140, maabara mbili, hosteli mbili na ofisi za utawala. Idara ya TEHAMA ni mimi, pamoja na kijana mmoja au wawili wanaoletwa kwa mafunzo ya vitendo na kuondoka wakiwa ndio kwanza wamezoea. Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya chaki. Anayeijua Dodoma ya Agosti na Septemba, upepo unapobeba vumbi jekundu na kulipitisha hata pale ambapo hakuna tundu, hahitaji kuelezwa feni za seva hizo zinafananaje.

Nilirithi mashine yenye mfumo endeshi wa CentOS 7, na ndani yake BIND, programu ya DNS iliyokuja na mfumo huohuo, toleo la 9.11.4. Aliyeifunga ni kaka aliyenitangulia kazini, ambaye siku hizi yuko Mwanza. Ilikuwa inafanya kazi. Kwa miaka miwili sikuigusa zaidi ya kuongeza jina moja moja, na hiyo nayo ni sifa ambayo wakati ule sikuihesabu kuwa sifa.

Kabla ya kuendelea, niseme kazi hizi mbili ambazo sisi wengi tunazichanganya, maana nusu ya matatizo yangu yalianzia hapo. Seva ya DNS inaweza kuwa kijana unayemtuma soko la Majengo akakuulizie bei ya mchele. Anazunguka, anauliza, anarudi na jibu, na kwa muda analikumbuka, ili ukimuuliza tena asirudi sokoni. Inaweza pia kuwa mwenye duka mwenyewe, asiyemuulizia mtu yeyote, anayejua bei ya mali yake tu na kuitaja. BIND, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980 na leo inatunzwa na ISC ya Marekani, inafanya kazi zote mbili chini ya paa moja. Unbound, iliyotoka rasmi mwaka 2008 kutoka NLnet Labs ya Amsterdam, kimsingi ni kijana wa kutumwa. NSD, ya hao hao NLnet Labs, ni mwenye duka. Ukitoka kwenye BIND kwenda Unbound hubadilishi programu kwa programu tu. Unavunja duka lililokuwa na mlango mmoja na kujenga mawili, na ni lazima ujue nani atasimama wapi. Mimi nilidhani nabadilisha kitasa.

Mambo yalianza mwezi Juni, alipokuja mkaguzi wa usalama kutoka nje. Aliwasha programu yake ya kuchunguza mtandao, akanywa soda mbili, akatuachia ripoti. Ukurasa wa 11 ulikuwa na mstari mwekundu: BIND 9.11.4, toleo lililopitwa na wakati, hatari kubwa. Mkuu wa chuo akaniita. "Madam, hili jekundu nataka lifutike kabla ya muhula mpya."

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nalo ndilo lililoyazaa mengine. Niliiamini namba.

Ni kweli ISC walikuwa wameacha kulihudumia toleo la 9.11 tangu mwaka 2022. Lakini BIND iliyokuwa kwenye mashine yangu haikutoka ISC moja kwa moja. Watu wanaofungasha programu za mfumo kama CentOS au Debian hawakimbizani na matoleo mapya. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, wanachukua kile kipande cha marekebisho peke yake na kukishona kwenye toleo la zamani, kama fundi anayeweka kiraka kwenye suruali badala ya kununua nyingine. Namba ya mbele inabaki 9.11.4, kinachobadilika ni ule mkia mrefu unaoifuata, ambao hakuna mtu anayeusoma. Programu ya mkaguzi haikuusoma pia. Iliiuliza seva "wewe toleo gani?", ikajibiwa, ikalinganisha jibu na orodha yake, ikapaka rangi nyekundu.

Ningeandika amri moja tu, `rpm -q --changelog bind`, ningeona orodha ya kasoro zote zilizotiwa viraka, kila moja na namba yake ya CVE (namba ya kimataifa ya kuitambulisha kasoro) na tarehe. Kwa Debian kuna faili la changelog, yaani orodha ya mabadiliko, kwenye folda ya nyaraka za kifurushi husika. Ningechapisha kurasa mbili, nikampelekea mkuu, biashara ingeishia hapo. Ila nikiri upande wa pili: CentOS 7 ilikuwa na mwisho wake uliotangazwa, 30 Juni 2024, na baada ya tarehe hiyo mshona viraka anafunga cherehani. Kwa hiyo kuhama ilikuwa lazima. Nilihama kwa sababu isiyo sahihi, kwa haraka isiyo na maana, nikielekea mahali nilipopachagua kwa tamaa.

Maana machaguo yalikuwepo, na yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimepata mashine nyingine na kuiwekea Debian 12, iliyotoka Juni ileile. Ndani ya Debian 12 kulikuwa na BIND 9.18, ambayo ingesoma mafaili yangu ya zoni, yaani orodha za majina yetu ya ndani, bila ugomvi wowote. Kulikuwa pia na Unbound 1.17.1 na NSD, zote zimefungashwa tayari. Lakini mwishoni mwa Agosti Unbound 1.18 ilitoka, nami nikaisoma orodha ya mambo yake mapya kama msichana anayesoma menyu ya hoteli asiyoweza kulipia. Hakuna hata jambo moja katika orodha ile ambalo chuo kililihitaji. Nilitaka niwe nimekompaili kitu. Nilitaka nikiulizwa kwenye usaili siku moja niwe na la kusema.

Nilimpigia yule kaka wa Mwanza nimsimulie mpango wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa dada," akasema. "Hicho kilichomo ndani ya Debian kina watu wanaokiangalia kila siku. Hicho cha kwako kina nani?"

Nilicheka, nikamwambia kina mimi.

Ijumaa jioni nikajiunga bando la wiki kwa pesa yangu, kwa sababu nilijua nitakata mtandao wa chuo. Kukompaili kwenyewe si kazi kubwa kama watu wanavyotishana. Nilikwama kwa kukosa maktaba ya libexpat, nikaiweka, nikakwama kwa OpenSSL, nikaiweka, kisha dakika chache baadaye kazi ikaisha. Kilichonitoa jasho ni kuiwasha. Inawaka, inajibu, halafu baada ya sekunde 90 inakufa. Nawasha tena, sekunde 90, inakufa. Saa mbili nzima zilipita hivyo, nje mbwa wa mlinzi wakibwekea bajaji zinazopita.

Sababu niliijua baadaye. Awali nilikuwa nimeshaweka Unbound ya Debian, halafu nikaweka yangu pembeni yake na kulinakili faili lake la huduma la systemd, ile programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine. Faili hilo husubiri programu iseme "niko tayari", na Unbound huweza kusema hivyo ikiwa tu umeikompaili na `--enable-systemd`. Yangu ilikuwa bubu. Systemd ikawa inasubiri sekunde zake 90, inakata tamaa, inaua. Sasa mimi badala ya kukompaili upya nikabadilisha faili la huduma lisisubiri kitu. Ikatulia. Nikaona nimeshinda.

Kuwa na Unbound mbili kwenye mashine moja kulinitesa kwa namna ya kijinga zaidi. Ya Debian inasoma usanidi wake `/etc/unbound`, yangu ilikuwa inasoma `/usr/local/etc/unbound`. Jumamosi nzima nilikuwa nahariri la kwanza na kushangaa kwa nini hakuna kinachobadilika. Nikaendesha `unbound-checkconf`, ikaniambia hakuna kosa, na ni kweli halikuwepo: ilikuwa inakagua faili ambalo halitumiki. Ukijikuta katika hali hiyo, acha kuhariri. Endesha `ss -lunp` upate namba (PID) ya programu iliyokalia poti 53, mlango wa DNS, kisha `ls -l /proc/PID/exe` uone inatoka folda gani. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshajua, lakini niliondoka na hasira nikasahau kuizima ile ya Debian isijiwashe yenyewe mashine ikizimwa na kuwashwa. Kumbuka hilo, litarudi.

Jumapili usiku nikajaribu kila kitu. Niliuliza majina ya nje, yakajibiwa. Majina ya ndani, yakajibiwa pia, kwa sababu nilikuwa nauliza NSD moja kwa moja kwenye poti yake. Nikaipa mashine mpya anwani ya IP ya ile ya zamani. Ile ya zamani nikaizima, nikachomoa RAM zake mbili, nikazichomeka kwenye mpya ili iende kasi zaidi. Kati ya yote niliyoyafanya katika siku zile tatu, hili la RAM ndilo linalonifanya nifumbe macho mpaka leo. Ile mashine ya zamani ilikuwa ndiyo njia yangu ya kurudi, nami nikaivunja kwa ajili ya kasi ambayo DNS ya kompyuta 140 haiijui wala haiihitaji.

Jumatatu, kama mlivyosikia, mhasibu.

Tatizo la kwanza lilikuwa rahisi na la aibu. Unbound ikianza bila kuelekezwa huijibu mashine inamokaa peke yake, wengine wote inawakatalia. Ni tabia nzuri, maana seva inayomjibu kila mtu duniani hutumiwa na wahuni kushambulia wengine. Lakini majaribio yangu yote niliyafanya nikiwa nimekaa kwenye seva yenyewe. Hakuna hata mara moja nilipokwenda kukaa kwenye kiti cha mhasibu nikauliza jina kutoka pale. Nikaongeza mistari ya `access-control` kwa mitandao yetu, maabara zikapona, hosteli zikapona. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mfumo wa ada haukupona. Jina lake lilikuwa la ndani, kwenye zoni yetu wenyewe, yaani kazi ya mwenye duka. Niliiweka NSD kwenye mashine hiyohiyo, 127.0.0.1 poti 5300, nikaiambia Unbound ikiulizwa jina la zoni ile iende pale. Haikwenda. Unbound kwa kawaida hukataa kumuuliza mtu aliye ndani ya nyumba yake mwenyewe, mpaka uandike `do-not-query-localhost: no`. Ilinichukua saa nzima kulijua hilo, huku simu ya mkuu ikiita na mimi naiangalia ikiita. Nikaandika, nikawasha upya. Sasa Unbound inaenda kwa NSD, inapewa jibu, halafu mteja anapata jibu tupu! Nilifikiri nimerogwa. Kumbe siku ya Jumamosi nilinakili mistari kutoka kwenye mwongozo fulani bila kuielewa, na mmojawapo ulikuwa `private-address` wa anwani zote zinazoanza na 10. Mstari huo unamwambia Unbound: jina lolote likikujia na anwani ya namna hii, lifute, ni hila. Majina yetu yote ya ndani yana anwani za namna hiyo. Dawa ni kuongeza `private-domain` na jina la zoni yako.

Mfumo wa ada ulirudi saa saba na dakika ishirini mchana. Mhasibu alikuwa ameandika risiti za mkono 94. Siku tatu baadaye alikuwa bado anaziingiza kwenye kompyuta, na kila alipopita mlangoni kwangu alinisalimia kwa adabu iliyozidi kipimo. Wanafunzi wawili wa kutoka Kondoa walikuwa wameshakata tamaa na kuondoka, wakarudi wiki iliyofuata kwa nauli nyingine. Hao nilitamani niwarudishie fedha zao, sikuthubutu kujitokeza. Mkuu hakuniandikia barua. Alisema tu, "Lile jekundu limefutika?" Nikasema limefutika. "Basi tumelilipia," akasema.

Novemba umeme ulikatika usiku, betri ya UPS ikamaliza dakika zake kumi, na asubuhi mvua ya kwanza ikinyesha nikakuta hakuna jina hata moja linalofunguka. La kwanza lilikuwa lile nililowaambia mlikumbuke: Unbound ya Debian ilijiwasha ikawahi poti 53 kabla ya yangu. Nikaiondoa kabisa. Bado. Kila jina SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kupata jibu. Baada ya kuhangaika nikatupia jicho tarehe ya mashine, nikakuta iko nyuma kwa miezi. Kibetri cha saa ndani ya mashine kilikuwa kimekufa. Unbound inahakiki saini za DNSSEC, zile zinazothibitisha kwamba jibu la DNS halijachezewa, na kila saini ina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kwa macho ya seva yangu saini zote za dunia zilikuwa za siku zijazo. Programu ya kurekebisha saa nayo ilikuwa inatafuta seva ya saa kwa jina, na jina halipatikani kwa sababu saa imekosewa. Kuku na yai. Hili halina uhusiano na kukompaili, lingempata pia mwenye ya kufungashwa, lakini nalitaja kwa sababu BIND ya zamani ilikuwa imezimiwa uhakiki huo na mimi sikujua kwamba naingia kwenye mji unaodai kitambulisho. Kibetri kilinigharimu shilingi 2,000 kwa fundi saa. Na siku hizi angalau seva moja ya saa nimeiandika kwa anwani ya IP.

Kilichonibadilisha kabisa ni Februari. Jumanne tarehe 13 Februari 2024 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina KeyTrap. Watafiti wa Ujerumani walikuwa wamegundua kwamba pakiti moja ndogo iliyotengenezwa kwa ujanja inaweza kuifanya seva inayohakiki DNSSEC ijifungie kwenye mahesabu kwa muda mrefu isiweze kumjibu mtu mwingine. Tatizo halikuwa la programu moja. Lilikuwa kwenye kanuni zenyewe za DNSSEC, kwa hiyo BIND ilikuwamo, Unbound ilikuwamo, PowerDNS, Knot, hata dnsmasq. Ubishi wote nilioufanya kichwani, ipi ni salama kuliko ipi, siku ile ulikuwa hauna kazi.

Kufikia wakati huo hosteli zetu zilikuwa na seva yao ndogo. Hiyo, kwa uvivu tu, niliiachia Unbound ya Debian ilivyo. Viraka vilipofika niliandika amri ya kusasisha, nikasubiri dakika mbili, kwisha. Namba ilikuwa 1.17.1 na ikabaki 1.17.1, mkia tu ndio ulioongezeka.

Seva kubwa ilikuwa ya kwangu. Ilihitaji 1.19.1, na wa kuikompaili alikuwa mimi. Nilirudi chuoni saa nne usiku kwa bodaboda, shilingi 4,000 kwa kuwa ni usiku na dereva aliona uso wangu. Mlinzi, mzee wa Kigogo anayenisalimia "Mbukwa" hata nikipita mara kumi, akanifungulia bila kuuliza. Nikafungua mashine na kugundua kwamba sikumbuki niliikompaili kwa vipengele gani. Sikuwa nimeandika popote. Nikakisia. Ikakompaili vizuri, ikakataa kuwaka, kwa sababu usanidi wangu ulitaja moduli ambayo safari hii sikuijumuisha. Nikarudia. Nikakosea njia ya folda. Nikarudia. Saa tisa usiku ndipo ilipokaa sawa. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, wafanyakazi wenzangu wakaja kutoka ibada ya asubuhi wakanikuta nimelala juu ya meza.

Yule kaka alinipigia mchana. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha: "Ungeandika `unbound -V`. Inakutajia mstari wote uliotumika kuikompaili." Yaani jibu lilikuwa ndani ya mashine muda wote. Hakunikumbusha lile swali lake la Septemba. Sikumwambia kwamba nilikuwa nalifikiria tangu saa tano usiku.

Wakati wa likizo ya Pasaka nikabomoa. Safari hii RAM zilirudi kwenye mashine ya zamani, nayo ikawekewa Debian 12 ikawa seva ya pili. Kwenye zote mbili niliweka Unbound na NSD zilizofungashwa, hakuna cha kukompaili. Kabla ya kumhamisha mtu yeyote niliziacha zikiwa pembeni wiki mbili, nikiwa na karatasi yenye majina arobaini ya ndani na ya nje, nikapita maabara, hosteli, ofisi ya mkuu, nikakaa kwenye kiti cha mhasibu, nikauliza majina yote kutoka kila mahali. Nilikuta mawili yamekosewa, na mojawapo lilikosewa tangu enzi za BIND bila mtu kujua.

Nimeulizwa kwa nini sikurudi BIND. Nilifikiria, na kwa mtu mwenye haraka au mwenye mafaili mengi ya zoni ningemwambia abaki BIND ya mfumo wake, haina ubaya. Mimi nilipenda kutenganisha kijana wa kutumwa na mwenye duka, ili mmoja akianguka mwingine abaki amesimama. Mwaka 2015 kulikuwa na kasoro ambapo pakiti moja tu iliiangusha BIND nzima, maswali na majibu pamoja. Hata mifumo yenyewe hubadili mawazo kuhusu nini cha kufungasha: FreeBSD 10 ya mwaka 2014 iliiondoa BIND kwenye mfumo wake wa msingi ikaingiza Unbound, na OpenBSD 5.7 ya mwaka 2015 nayo ikafuata njia hiyo. Kwa hiyo "iliyokuja na mfumo" maana yake si lazima iwe ile kongwe.

Wapo wanaohitaji toleo jipya kweli. Mtoa huduma ya intaneti mwenye maelfu ya wateja, au mtu mwenye kipengele mahususi ambacho hakimo kwenye toleo la mfumo wake. Hao nao wangeanza kwa kuangalia hazina ya backports ya Debian, yenye matoleo mapya yaliyofungashwa kwa ajili ya mfumo uleule, kabla ya kugusa kompaila. Mimi kile nilichokihitaji, yaani seva iendelee kutoa majibu ya zamani njia ya nje ikikatika, nilikikuta tayari ndani ya 1.17.1, jina lake `serve-expired`. Nilikiwasha Aprili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na Tanzania nzima ikalia. Nisidanganye, kurasa za nje hazikufunguka, kujua anwani ya mtu si kufika kwake. Lakini mfumo wa ada na kurasa zilizohifadhiwa hapa nchini zilifunguka kwetu, isipokuwa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa ameielekeza kompyuta yake kwenye DNS ya nje akidai ni ya kasi. Alikuja mwenyewe kuomba nimrudishe.

Mkaguzi alirudi Julai. Ukurasa wa 9 safari hii: Unbound 1.17.1, toleo lililopitwa na wakati. Nilikuwa nimeshachapisha orodha ya viraka, nikamwekea mkuu mezani na kalamu ya rangi juu yake. Akaisoma mistari michache.

"Kwa hiyo ni ya zamani au si ya zamani?"

"Namba ndiyo ya zamani, Mkuu."

Akaitia sahihi, akaifungia kwenye faili.

Nyuma ya mlango wa ile stoo ya chaki nimeandika kwa maka peni tarehe mbili. Ya juu ni 30 Juni 2024, imekatwa kwa mstari. Ya chini ni Juni 2028, wakati viraka vya muda mrefu vya Debian 12 vitakapokoma. Mbele yake kuna nafasi ya jina la msimamizi wa seva wa mwaka huo, nayo nimeiacha wazi.